Mdako wa Saa Sita

Machi 9

Daftari hili si langu. Nimepewa leo asubuhi na Mizani, bwana wa ghala, niandike majina ya wanaochelewa, wanaopiga soga na wanaosinzia kazini. Tunamwita Mizani kwa sababu hakuna anachokiamini duniani mpaka kipimwe. Akiambiwa chumvi imezidi, nadhani huuliza imezidi kwa gramu ngapi.

Nimeandika jina moja kwenye ukurasa wa mwisho, nikalifuta. Halafu nikaligeuza daftari na kuanza mambo yangu upande huu. Nyuma ni kwa Mizani, mbele ni kwangu. Hawezi kujua, maana hana subira ya kusoma kitu ambacho si tarakimu.

Mimi ni nyapara wa wanawake kumi na wawili wanaochambua maharage. Gunia linamwagwa mezani, wanatoa vijiwe, madongo, mbegu zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Maharage safi yanarudishwa kwenye gunia, mimi natumbukiza mkono mpaka kwapani na kupekua, ndipo linashonwa. Jiwe likinipita mimi, limeshafika mdomoni mwa mtu. Naipenda sehemu hiyo ya kazi. Ndiyo inayonifanya niitwe nyapara.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Juu ya bati hatusikilizani.

Machi 11

Saa sita tunapumzika. Wapo wanaokula na kujinyoosha, lakini wengi wetu tunacheza mdako. Nimeukuta mchezo huu humu ghalani na nitauacha. Vijiwe ndiyo mali tunayoichimba kutwa nzima, na mkono wa mchambuaji na mkono wa mdako ni mkono mmoja. Sakafu ni ya saruji, haichimbiki shimo, kwa hiyo tunachora duara kwa chaki. Ndani tunaweka vijiwe kumi na viwili, ndio watoto. Kile cheusi cha kurusha ni mama. Unamrusha mama, unawakomba watoto nje ya duara, unamdaka mama kabla hajagusa chini. Unamrusha tena, unawarudisha wote ndani ukimbakiza mmoja nje. Raundi ya pili unabakiza wawili wawili, ya tatu watatu watatu. Mama akianguka umekufa, zamu inahama.

Wifi ndiye malkia wetu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, lakini kabla hajawa wifi alikuwa binti wa jirani aliyenifundisha mdako uani kwao, akinipiga kofi mkononi kila nilipotazama chini. "Mtazame mama," alikuwa akisema, "watoto watajileta wenyewe." Nina miaka thelathini na mitano ya kucheza naye na sijamshinda hata mara moja.

Tena ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nikapanda mimi nikawa nyapara, kwa kuwa naweza kuandika na yeye hakupelekwa shule. Hajawahi kuonyesha kwamba linamuuma. Mimi kwake ni wifi, yeye kwangu ni wifi, tumemaliza.

Machi 12

Mvua. Magunia tisa tu.

Machi 17

Kuna mwanamke mpya, ana wiki mbili, bado tunamwita Mgeni. Kijana, mpole, mzito wa mikono. Wenzake wakimaliza gunia, yeye yuko nusu. Leo Mizani alisimama mlangoni akitutazama na saa yake mkononi, nikaona lazima niseme kitu.

"Wewe, hiyo mikono umeiazima wapi?" nikamwambia kwa sauti ya juu, mvua ikiwa juu ya bati. "Irudishe kwa mwenyewe ulete yako. Ukienda hivi, Ijumaa utachambua upepo kwenu."

Wakacheka wote. Walicheka kwa sababu mimi nilianza kucheka. Mizani naye akatabasamu, akaondoka zake. Wifi peke yake hakucheka. Aliendelea kuchambua, akapuliza vumbi kwenye sinia lake.

Sijui kama nilizidisha. Mzigo ni mzigo.

Machi 18

Mikono ya Mgeni inatetemeka. Amemwaga sinia zima chini. Sikusema neno, nilimtazama tu, na kumbe kutazama kwangu ni kusema.

Machi 20

Wifi amemvuta Mgeni kwenye duara. Huyu ambaye hula peke yake nyuma ya magunia, amekalishwa katikati yetu na kupewa mama mkononi. Rusho la kwanza tu, mama akaenda kule, watoto kule, Mgeni mwenyewe akawa kama anataka kulia.

"Ni hii mvua, mwanangu," Wifi akamwambia. "Leo mama ana utelezi. Rudia."

Kwenye mdako hakuna kurudia. Wifi ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa makofi. Lakini nani atambishia malkia.

Machi 24

Maji yameingia chini ya mlango. Ilibidi tushone magunia matano haraka haraka na kuyapandisha juu ya mbao. Sikuyatia mkono. Maharage ni maharage.

Machi 27

Leo limetokea la kuandikwa. Wifi ameangusha mama. Raundi ya tatu, rusho jepesi ambalo hata mtoto angedaka. Watu wakatazamana, halafu kicheko. Mgeni akamaliza raundi, akashinda kwa mara ya kwanza, akaziba uso kwa kanga.

"Uzee huo jamani," akasema Wifi akijisugua jicho. "Ukubwa jalala."

Nami nilicheka na kumpiga bega. Ila ndani yangu palikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Kimefurahi kweli, kimekaa kitako kabisa. Sitaki kukitazama.

Machi 31

Wifi ameangusha tena, mara mbili. Nikamwambia, "Wifi, kiti chako cha umalkia kimeshapata mchwa."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," akanijibu, akawasogezea wengine vijiwe.

Mgeni anacheka sasa. Ana mwanya.

Aprili 3

Gunia limerudishwa. Mnunuzi amekuja nalo mwenyewe, na ndani ya karatasi amefunga kijiwe cheupe, saizi ya haragwe, rangi ya haragwe. Kimevunja jino la mteja wake. Mizani alikiweka kwenye mizani ndogo, nyie, akakipima.

Mnunuzi alipoondoka akaniita ofisini. "Mzigo wenyewe umepungua kwa hizi mvua," akasema. "Wako wengi mno. Mmoja aondoke, na aondoke ambaye macho yamechoka. Wewe unawajua. Jumatatu nipe jina."

Gunia lilikuwa na kibandiko. Hakiandikwi jina la mchambuaji, huandikwa tarehe. Machi 24.

Niliiona tarehe. Yeye hakuitazama, maana kwake gunia ni kilo. Mimi niliitazama, nikaelewa, nikasema, "Sawa, bwana." Siku ile hakuna gunia hata moja lililopita mkononi mwangu.

Aprili 4

Nimefanya jambo la akili sana leo, au ndivyo nilivyojisifu mchana.

Nilikuwa nawaza nitampimaje mtu macho. Nikiwasimamia mezani wanajua, wanajikaza, wanachambua kama wanatazamwa na malaika. Ila kwenye mdako mtu hajifichi. Jicho likichoka, mama anaanguka. Basi saa sita nikakataa kucheza, nikasema kiuno kinaniuma, nikakaa juu ya gunia na daftari hili mapajani. Nilifungua upande wa Mizani. Kila aliyeangusha nikamwekea alama.

Walicheza kwa furaha. Mmoja akaniuliza, "Nyapara, unaandika barua ya mapenzi?" Nikajibu ndiyo, kwa mume wa mtu. Wakacheka mpaka mama akampotea aliyekuwa anarusha, nami nikamwekea alama kwa kicheko nilichomchekesha mwenyewe.

Kusema kweli, kichwani nilikuja na jina la Mgeni. Mpya, mzito, hana mtu, angeondoka bila kelele. Mgeni ameangusha mara mbili. Wifi ameangusha mara nne. Nimeandika hata namna alivyoangusha, nanakili hapa: "Mkono unafika, lakini hauzibi. Kidole kidogo hakikunjiki, kinabaki wazi. Jicho na mkono havisikilizani."

Nimeandika hivyo kama daktari.

Aprili 5

Jumapili. Wifi alikuja kwetu. Shati la mume wangu lilikuwa limekatika kifungo, akaomba sindano. Nje kulikuwa na wingu zito, chumba kilikuwa na giza la mchana, nami nikainuka niwashe taa. Kabla sijafika ukutani alikuwa ameshatunga uzi. Mara moja, bila kulowesha ncha mdomoni.

Nilisimama na mkono kwenye swichi. Nikajiambia, sindano ni sindano, maharage ni maharage. Halafu nikajiambia Mizani anataka jina, na jina nimelipata kwa haki, mchana kweupe, kwa hesabu. Halafu nikamkaribisha chakula. Alikula, akanisifia mkono wangu.

Aprili 6

Nimempa Mizani jina.

Nilidhani atamwita ofisini, ndivyo nilivyomwomba. Lakini Mizani alitoka na kusimama mbele ya meza zote, akamtazama Wifi. "Mama, tunakushukuru kwa kazi yako. Nyapara amenihakikishia macho yako yamechoka. Pumzika mpaka mzigo uongezeke, tutaona." Akarudi ofisini. Hata sekunde thelathini hazikufika.

Wenzake wote walinitazama mimi, isipokuwa yeye. Yeye alimalizia haragwe lililokuwa kidoleni, akaligeuza, akalitupa upande wa yaliyooza. Kweli lilikuwa na kitundu. Nililiokota baadaye nikaliona. Kitundu cha ncha ya sindano.

Akakunja gunia alilokuwa akikalia, akalitia kwapani. Akamwendea Mgeni, akamtia mama mkononi na kumfunga vidole. "Mtazame mama," akamwambia. Akapita mbele yangu. Nilifungua mdomo nikasema, "Wifi, ilikuwa lazima mmoja..."

"Haya, Nyapara," akasema.

Katika miaka yote hajawahi kuniita hivyo. Mvua ilikuwa inanyesha, akatoka nayo, gunia lile hakulitia kichwani.

Aprili 7

Mume wangu ni seremala, huzungumza na randa yake kuliko na mimi, na siku zote nimeona ni heri. Leo asubuhi kabla sijaondoka aliniita kwenye banda lake.

"Dada anasema amepumzishwa kwa sababu ya macho."

"Ndiyo."

"Nani kampima? Daktari?"

"Mimi."

Akaendelea kuranda. Maranda yakawa yanadondoka miguuni pangu. "Kwa kipimo gani?"

Nilijaribu kusema uzoefu. Nilijaribu kusema kazi ni kazi. Mwisho nikasema, "Kwa mdako."

Hapo akasimamisha randa. "Umemtoa dada yangu kazini kwa mdako," akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha njiani asichokiamini. Halafu akarudi kwenye ubao wake. Bora angenitukana, ningepata la kujibu.

Aprili 8

Hakuna aliyecheza.

Aprili 9

Hakuna aliyecheza. Nimeingia chooni, waliokuwemo wakatoka. Duara la chaki limefutwa na maji ya mvua, na hakuna aliyelichora tena.

Aprili 11

Magunia saba. Nimeyatia mkono yote, mara mbili mbili. Sasa hivi ndiyo najifanya mwangalifu.

Aprili 14

Nitajaribu kuandika yote, maana nikiruka moja nitajidanganya tena.

Mgeni siku hizi ndiye mwepesi kuliko wote. Vidole vyake vinapita juu ya maharage kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Leo nilisimama nyuma yake, nikataka kuwa mwema. Nikamwambia, "Mikono imechangamka. Hongera."

"Ahsante," akasema. "Alinifundisha shangazi." Ndivyo anavyomwita Wifi.

"Kuchambua?"

"Mdako."

Nikacheka kidogo. Nikasema, nadhani kwa kujitetea, kwamba ni kweli Wifi alikuwa hodari zamani, ila macho yalimwishia, hata yeye Mgeni alikuwa akimshinda.

Mgeni akaacha kuchambua. Hakugeuka. "Alikuwa ananiachia," akasema.

"Unasemaje?"

"Alikuwa ananiachia, Nyapara. Mimi nami nilidhani ameshindwa. Lakini siku ya tatu nikamwona kidole. Hiki kidogo. Akitaka kumwangusha mama anakiachia kwanza, mama anapita hapo. Asipotaka, anakifunga. Nikamwambia shangazi, usiniachie, watakucheka. Akasema waache wacheke, kwani kicheko kinatoboa? Akasema mkono unaotetemeka haupoi kwa kushindwa kila siku, lazima uonje kushinda."

Mvua ilikuwa imetulia, kila mtu alikuwa anasikia. Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tangu Machi 17.

"Mikono ilikuwa inatetemeka kwa nini?"

Hapo ndipo alipogeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonitafuna. Alikuwa ananiogopa. "Si mikono ya kuazima," akasema kwa sauti ndogo, akarudi kwenye sinia lake.

Basi nimekaa hapa jikoni, jua halijazama, sufuria iko motoni na sijui nimetia nini ndani. Naipanga kama watoto kwenye duara. Nilimwaibisha msichana ili Mizani anione nina ukali. Mikono yake ikaharibika. Wifi akakaa chini kuitengeneza, akilipa kwa heshima yake ya miaka yote, kijiwe baada ya kijiwe, mbele ya watu. Mimi nikakaa juu ya gunia nikiandika kila alichoangusha. Nikakiandika hadi kidole. Nilikiona kidole kile kwa macho yangu haya, na nikakisoma vibaya kwa sababu moyoni nilikuwa nimengoja miaka thelathini na mitano nione anashindwa.

Na jiwe la mnunuzi lilipita kwangu. Wifi hahusiki. Mimi ndiye sikutia mkono.

Naona aibu. Naiandika ilivyo kwa kuwa sina neno jingine. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Aprili 15

Nyani haoni kundule. Nimeliandika nione linavyokaa. Limekaa vizuri.

Aprili 16

Nimekwenda ofisini kwa Mizani bila kuitwa. Nikamwambia gunia lililorudi lilikuwa la Machi 24, siku ya mafuriko, na siku hiyo sikukagua. Nikamwambia macho ya Wifi ni mazima kuliko yangu na ya Mizani mwenyewe. Nikamwambia kama kuna wa kuondoka, niondoke mimi.

Alinisikiliza akichezea vyuma vya kupimia. "Umemaliza?" akauliza. "Mchambuaji nampata popote. Nyapara anayejua kuandika simpati. Rudi kazini. Mvua ikiisha mzigo utaongezeka, akitaka na arudi." Kisha akanyoosha mkono. "Na lile daftari? Umeandika nini?"

"Upande wako hauna kitu," nikasema. Ile karatasi ya alama nilishaichana asubuhi, nikaiwashia jiko.

Nilikuwa nimejiandaa kuadhibiwa. Nilitoka mle nikiwa na cheo changu chote, kizima, hakina hata mkwaruzo. Sijui nilitarajia nini. Mtu akikunyima adhabu unabaki nayo mkononi, hujui uiweke wapi.

Aprili 19

Jumapili. Nimekwenda kwa Wifi peke yangu. Mume wangu alisema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe, mimi sikusindikizi," akanipa mwavuli.

Nilimkuta kibarazani, ungo mapajani, anamchambulia mwenye duka wa jirani. Pembeni yake kulikuwa na kirundo cha vijiwe. Akanikaribisha kiti, akaniletea maji. Nikawa mgeni wa heshima kabisa. Ningependa angenifungia mlango.

"Umenyeshewa, Nyapara."

Nikamwambia yote. Kuhusu kidole, kuhusu gunia, kuhusu Mizani. Nikamwambia hata lile la kufurahi alipoangusha mama siku ya kwanza, ambalo hakuna aliyenilazimisha kulisema. Alikuwa akichambua muda wote. Nilipofika hapo tu mkono wake ulisimama, halafu ukaendelea.

"Hilo nilijua," akasema. "Una uso wa kioo tangu mdogo. Nikajisemea, basi na afurahi naye, si kitu. Sikujua unaandika."

Nikalia. Yeye hakulia.

"Nisamehe, wifi."

"Mimi nimekusikia. Nimetolewa kazini na kikulacho ki nguoni mwangu, nitafanyaje, nitavua nguo?" Akapuliza makapi, yakanirukia. "Lakini deni la kwanza si langu. Yule binti ulimsema mbele ya watu kumi na wawili na Mizani mlangoni. Mimi umenifuata kibarazani, wawili tu, na mwavuli. Kwake umekwenda?"

"Bado."

"Basi kunywa maji uende."

Nikamwambia ni kijana, ni mdogo wangu kwa miaka ishirini, nyapara hawezi kumpigia magoti mchambuaji mbele ya wenzake, kesho nani atanisikiliza. Nilisema hivyo, ndiyo, hata baada ya machozi yote yale. Wifi akanitazama kama alivyokuwa akinitazama uani kwao kabla ya kofi.

"Umetazama chini tena," akasema.

Aprili 20

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo nimejikwaa vyote viwili, maana nilipokuwa naelekea kwenye meza ya Mgeni nilipiga kidole cha mguu kwenye mguu wa benchi, nikafika nachechemea.

Saa sita ilikuwa haijafika. Nilitaka wawe wote. Nikagonga sinia. Wakanyamaza wakidhani kuna gunia jingine limerudi. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha na yote yakanikimbia.

"Machi 17," nikasema, kana kwamba nasoma daftari hili, "nilimwambia huyu mikono yake ni ya kuazima. Ilikuwa uongo na ilikuwa ufedhuli. Nilisema ili nisikike mlangoni. Jiwe lililovunja jino la mtu nililiachia mimi, na mliyemwona anaondoka aliondoka kwa kosa langu. Mgeni, nakuomba radhi. Nanyi nawaomba radhi kwa kuwachekesha."

Hakuna aliyenisaidia. Mmoja alikohoa. Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha haragwe moja kwa kidole, linazunguka, linazunguka.

"Nimesikia, Nyapara," akasema mwisho.

Hakusema nimesamehe, na hakuwa na lazima. Nikageuka, nikarudi kwenye magunia yangu nachechemea. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema kwa kunong'ona, "Kumbe anajua kuomba radhi," na mwingine, "Labda ameazima mdomo." Wakacheka chinichini. Ilinichoma, na nikaona ni halali yao.

Aprili 29

Mvua ya mawe. Mizani ameokota jiwe moja na kulipima kabla halijayeyuka.

Mei 4

Wamechora duara tena. Mgeni ndiye aliyemleta mama, akitoka naye kwenye fundo la kanga. Sikualikwa. Nimekula nyuma ya magunia, pale alipokuwa akila yeye. Ni mahali pa baridi, bati linavuja, na ukiwa pale unasikia kila kicheko. Alikaa pale wiki mbili na mimi nilidhani anapapenda.

Mei 12

Siku ya tatu bila mvua. Malori mawili. Mizani anasema niite watu. Nimempa mume wangu ujumbe kwa dada yake. Amerudi bila jibu. "Alikuwa anachambua," akasema.

Mei 18

Leo kulikuwa na jua mpaka ndani, vumbi la maharage linaonekana likielea. Nilikuwa nimetumbukiza mkono kwenye gunia, mpaka kwapani, nilipoona kimya kimebadilika. Nikainua kichwa. Wifi alikuwa mlangoni, gunia lake la kukalia kwapani.

"Meza yangu bado ipo, Nyapara?"

"Ipo."

Akakaa. Basi, hakukuwa na zaidi. Mizani alichungulia, akatazama saa, akarudi ndani. Mpaka saa sita alikuwa amemaliza magunia mawili, nami niliyapekua kama ninavyopekua ya wote, maana sasa siruki hata la kwake, na sikukuta hata chembe ya udongo.

Walipochora duara nilichukua chakula changu kwenda nyuma ya magunia. "Unakwenda wapi?" akauliza Wifi, sauti ya juu. "Leo nataka mtu mzima. Hawa watoto wamenichosha."

Nikakaa mbele yake. Wenzetu wakazunguka, Mgeni akiwa bega kwa bega naye. Nikarushiwa mama, na ndipo nilipoona mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka. Vidole vyote kumi, kama vya mgonjwa wa homa. Nilirusha, nikakomba watoto wanne badala ya kumi na wawili, mama akaniangukia gotini.

"Umekufa!" wakasema, lakini bila kelele.

Wifi akamchukua mama. Raundi ya kwanza akaimaliza bila kupumua. Raundi ya pili, wawili wawili, mkono unakwenda na kurudi, macho juu, watoto wanajileta wenyewe. Hakuna macho yaliyochoka pale. Nilikuwa natazama kama mtu anayesomewa mashtaka yake kwa lugha nzuri. Raundi ya tatu akarusha juu sana, karibu na mbao za paa, na mama akageuka kwenye jua akishuka, na mkono wa Wifi ukafika mahali pake, chini yake kabisa, kwa wakati.

Nikakiona kidole. Kidogo, cha mwisho. Kilifunguka.

Mama akapita pale, akagonga saruji, akaviringika mpaka kwenye mguu wangu.

Hakuna aliyecheka. Mgeni alinitazama, akaona kwamba nimeona, akatazama pembeni. Nilitaka kusema usiniachie, wifi, mimi si wa kuachiwa. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro na uso unawaka kuliko siku ile ya Aprili, mbele ya watu wale wale, na machozi yananichungulia.

Alinisogezea watoto ndani ya duara, mmoja mmoja.

"Zamu yako, wifi," akasema.